Siku Nilipoonja Pombe ya Makarakara Barazani

Haya, nitasema, kwa sababu mmeniuliza mara nyingi na nimechoka kukwepa, lakini mkicheka chekeni polepole, maana mke wangu yuko hapo jikoni na hii habari bado inamuuma hata baada ya miaka yote hii. Ni kweli nililewa. Nililewa mchana kweupe, barazani, mbele ya chifu na nusu ya mji wa Isiolo, nikiwa nimevaa tai. Tena sikulewa kwa kujificha kama watu wenye adabu zao, nililewa nikiwa kazini, kwa ruhusa, na kalamu ya serikali mkononi. Aibu ya namna hiyo haiishi, inazeeka tu pamoja na mtu.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, wakati pombe za kienyeji zilikuwa zimeshapigwa marufuku na kila chifu alitaka aonekane anafanya kazi. Mimi nilikuwa karani wa chifu. Msifikiri ni kazi kubwa. Nilikuwa naandika barua za watu waliopoteza vitambulisho, naandika majina ya wanaogombana juu ya mbuzi, nashika ufunguo wa stoo, basi. Mimi ni Mturkana wa hapa hapa mjini, baba alikuja Isiolo kuchunga ng'ombe wa serikali akasahau kurudi kwao, na katika maisha yangu yote nilikuwa sijaonja pombe hata tone. Si kwamba nilikuwa mtakatifu. Baba alikunywa sehemu yake akanywa na yangu, kwa hiyo nikaona hiyo kazi imeshafanywa. Kanisani walinipenda kwa ajili hiyo, na Jumapili baada ya hilo baraza nilikuwa niwekewe mikono niwe mzee wa kanisa. Koti la siku hiyo nilikuwa nimeshaliazima, liko kwenye msumari ukutani, nimelifunika na gazeti lisipigwe vumbi.

Lakini jambo ambalo mnapaswa kulielewa kwanza, kabla ya pombe na kabla ya baraza, ni kwamba nilikuwa nimechoka. Mke wangu Akiru alikuwa amejifungua mapacha, wasichana wawili, wana wiki sita, na wale watoto walikuwa wamepatana kama askari wa zamu, mmoja akilala mwingine anaamka. Mimi na Akiru tulikuwa hata hatuongei tena, tunapokezana tu. Nilikuwa nafika ofisini nimevaa viatu bila soksi, na siku moja nilipiga muhuri kwenye mkono wangu mwenyewe badala ya barua ya mzee mmoja kutoka Leparua (yeye alinyamaza, akafikiri labda ndivyo serikali inavyofanya siku hizi).

Sasa, tulikuwa na jirani hapo mtaani kwetu Chechelesi, Mmeru mmoja mjane, tunamwita Mama Kendi. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mikono yake haitulii hata akiwa ameketi. Alikuwa na kibanda karibu na kizuizi cha polisi, pale malori ya Marsabit na Moyale yanaposimama kungoja kuondoka, na hapo alikuwa anauza kitu alichokiita juisi. Matunda yenyewe alikuwa analetewa kutoka Meru kwenye magunia, mananasi na makarakara (wengine huku kwetu huyaita matunda tu, kana kwamba maembe ni mawe), na ukipita nyuma ya nyumba yake ulikuwa unasikia harufu nzuri sana, tamu, yenye kitu kingine ndani yake ambacho mimi sikukijua na sikuuliza. Madereva walikuwa wanamsifu mpaka mpakani. Walisema juisi ya Mama Kendi inafupisha barabara.

Basi wiki hiyo, siku ya Jumatatu, dereva mmoja alikutwa amelala usingizi juu ya usukani, lori linanguruma, mlango wazi, pale pale kizuizini, na alipoamshwa akaulizwa amekunywa nini akasema, "Juisi." Akasema tena kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa: "Nimekunywa juisi ya mama, kwani juisi imekatazwa?" Sajini wa askari wa utawala akaenda kwa Mama Kendi na askari wawili, wakatoka na mitungi miwili ya plastiki imejaa. Mitungi ikaletwa ofisini, nikaifungia stoo mimi mwenyewe.

Chifu wetu alikuwa Mborana, Mwislamu mswalihina, mtu mtaratibu ambaye alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu na hakutaka makelele. Angeweza kumpeleka huyo mama kortini moja kwa moja, lakini Mama Kendi alilia ofisini kwamba anaonewa, kwamba hiyo ni juisi tupu, kwamba yeye ni mjane na ana watoto watatu na akifungwa watoto watabaki na nani, na akasema hivyo kila siku mpaka Jumatano. Chifu akachoka. Akasema, "Sawa, mama. Alhamisi tuko na baraza. Tutaifungua hiyo mitungi mbele ya watu. Kama ni juisi utachukua juisi yako uende. Kama ni pombe, wallahi, utapanda gari ya polisi hapo hapo, na hicho kibanda nitavunja."

Alhamisi ikafika. Baraza lilianza asubuhi, habari ya maji, habari ya chanjo ya ng'ombe, habari ya wezi wa mifugo, na kila habari ilisemwa kwa Kiswahili halafu kwa Kiborana halafu Wasomali nao wakaomba yao, na mimi ndiye ninayeandika. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa. Sikuwa nimekunywa chai asubuhi. Wazee walikuwa wanatafuna miraa yao taratibu, hao hawana haraka hata kidogo, wangekaa hapo mpaka mwaka mpya. Mimi nilikuwa nahesabu: hii ikiisha saa saba, nafika nyumbani saa saba na nusu, Akiru anashika mmoja, mimi namlaza mwingine juu ya kifua changu na sisi wote wawili tunalala. Hiyo tu ndiyo hesabu iliyokuwa kichwani mwangu.

Mwisho mitungi ikaletwa, ikawekwa mezani mbele ya chifu. Mama Kendi akasimama kando, amejifunga leso kiunoni.

Chifu akauliza watu, "Haya. Nani ataonja hii kitu atuambie ni nini?"

Mkifikiria ni swali gumu. Chifu mwenyewe hawezi, ni haramu. Wazee wa mbele wote hawawezi, ni hivyo hivyo. Sajini alijitolea haraka, akapiga hatua mbele, na watu wote wakacheka kwa sababu Sajini alijulikana mji mzima, akionja hatarudisha kikombe. Vijana wa nyuma walinyoosha mikono karibu wote, hao nao chifu aliwaangalia mara moja tu wakaishusha. Kukaanza mabishano. Mmoja anasema apelekewe daktari, mwingine anasema ipelekwe Nairobi kwa wakubwa wenye mashine ya kupimia, mwingine anasimama kuuliza kama hiyo mashine itagharamiwa na nani, na mimi nikaona saa saba inapita, saa nane inakuja, na usingizi wangu unaondoka kama lori la Moyale, nimesimama kando ya barabara nalipungia mkono.

Nikasimama. Hapo ndipo nilipokosea, na hakuna mtu aliyenisukuma. Nikasema, "Chifu, mimi nitaonja."

Watu wakapiga makofi! Chifu alifurahi mpaka akashika bega langu. Akasema kwa sauti kubwa, "Mnamjua karani. Huyu hajawahi kunywa pombe tangu azaliwe. Ulimi wake ni safi. Neno la karani ndilo la mwisho, hakuna mtu ataongeza lingine." Nikajisikia mtu mkubwa kidogo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: mtu ambaye hajawahi kuonja pombe, atajuaje kwamba hii ndiyo pombe? Hata mimi sikujiuliza. Niliwaambia nilikuwa nimechoka.

Sajini akajaza kikombe cha bati mpaka juu. Nilikuwa nimekusudia kugusisha ulimi tu, kweli nilikusudia hivyo, lakini kile kitu kilikuwa kimetoka stoo yenye kivuli, kimepoa, rangi yake kama kiini cha yai, na mimi kinywa changu kilikuwa kikavu kama ngozi iliyoanikwa. Nikanywa chote bila kupumua.

Ndugu zangu. Sijui niseme nini. Kilikuwa kitamu, halafu kikawa kikali kidogo kwenye pembe za ulimi, halafu makarakara yakaja nyuma na harufu yake yakajaa puani, na mwisho kabisa kulikuwa na asali. Nilipoinua macho nilimwona Mama Kendi ananiangalia. Alikuwa hatarini, gari la polisi liko hapo limewashwa, lakini hakuwa anaangalia gari. Alikuwa anaangalia uso wangu, kama mwanamke aliyempakulia mgeni chakula anavyoangalia.

Nikasema, "Ni juisi." Na nilisema kweli, kwa kadiri nilivyojua. Nikaketi, nikafungua kitabu, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Imeonjwa. Ni juisi ya matunda.

Sajini akaruka. "Hapana, Chifu! Hiyo ameonja ni ya juu. Pombe inakaa chini. Itikiswe!" Ikatikiswa, nikapewa kikombe cha pili. Na hiki cha pili ndicho kilichonieleza ukweli, kwa sababu nilikuwa sijakimaliza masikio yangu yakapata moto, kama mtu ananisema vibaya mahali, halafu uchovu wote wa wiki sita ukatoka mabegani ukaenda zake. Nikajua. Nilimkumbuka baba yangu vizuri sana wakati huo, alivyokuwa akicheka akiwa bado mlangoni.

Sasa mtu mwenye akili angesema hapo, "Samahani, nimekosea, hii ni pombe." Lakini nilikuwa nimeshaandika. Mtu akishakuwa karani miaka mingi, kitu kilichoandikwa kinakuwa kizito kuliko kitu chenyewe. Halafu nikaangalia lile gari la polisi, nikafikiria wale watoto watatu, mkubwa wao Kendi ndiye aliyekuwa anakuja kumsaidia Akiru kufua nepi za mapacha. Nikasema tena, kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "Ni juisi!"

"Na huo mtungi mwingine?" Sajini akauliza.

Cha tatu nilikunywa nikijua ninachokunywa. Hiyo siwezi kumsingizia mtu.

Basi nikasimama kutoa ushahidi, na niliona watu wa mbele wananiangalia kwa namna mpya. Ilionekana nilikuwa nimesimama nimeinamia upande. Nikaona nikitaka kumwokoa huyu mama kabisa, lazima niitie hiyo juisi maji, niidharau mpaka mtu asiweze kuifikiria tena. Nikasema, "Wananchi! Mnasumbuliwa bure. Hii si pombe, hata juisi ni kuisifu. Ni maji. Ni maji yamepakwa rangi! Haina nguvu, haina ladha, mke wangu anapika uji wa mtoto una nguvu kuliko hii. Mtu aliyetengeneza hii kitu hajui kazi. Kama hii ni pombe, basi hata mate ni pombe!"

Watu walicheka. Mimi nikafurahi, nikaendelea, nikasema hata mbuzi wa Chechelesi akipewa atatema. Na katika kile kicheko nilimwona Mama Kendi uso unabadilika. Alianza kwa kukunja midomo. Halafu akafungua leso akaifunga tena kwa nguvu. Halafu akashindwa.

"Haina ladha?" akasema. "Mimi? Mimi sijui kazi?"

Chifu akasema, "Mama, nyamaza, karani anakutetea."

"Ananitetea na matusi! Chifu, hiyo kitu unaona hapo nimekaa nayo siku tatu. Siku tatu silali! Sitii hamira kama hao wengine, mimi natumia maganda ya nanasi na asali, asali yenyewe natuma mtu mpaka Leparua, si ya dukani. Nachuja mara tatu na kitambaa cheupe. Watu wanatoka Moyale wanapita hoteli zote wanakuja kwangu. Haina nguvu! Muulize kama anaweza kutembea mpaka kwa hiyo mlango ya ofisi!"

Ghafla akajiziba mdomo kwa mkono. Mimi, ambaye sikuwa nimeelewa bado kilichotokea, nilijibu lile swali lake. Nilisema, "Naweza," na nikaanza kutembea kwenda mlangoni, na nikafika ukutani.

Chifu alifunika uso wake kwa mikono miwili. Aliyesimama ni Mzee Godana, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa maneno machache, akatoa miraa mdomoni kwanza. "Salaam aleikum," akasema. "Chifu, mimi niulize kitu moja. Wewe ulisema mbele yetu neno la karani ni la mwisho, hakuna mtu ataongeza lingine. Karani amesema juisi. Ameandika. Hata huyu mama hawezi kuongeza lingine."

"Lakini mzee, unamwona karani?" Chifu akasema.

"Namwona. Hata kipofu anamwona. Lakini neno ulitoa wewe."

Watu wakanung'unika kwamba ni kweli, neno ni neno. Chifu akaangalia gari la polisi, akaangalia Mama Kendi aliyekuwa sasa ameketi chini mavumbini, akaniangalia mimi niliyekuwa nimeegemea ukuta natabasamu. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko hata mimi, "Nililitoa mimi, na sitakula matapishi yangu. Mitungi imwagwe. Mama, enda nyumbani, na nisikuone tena na hata ndimu. Karani..." Akatikisa kichwa. "Karani, wewe nitakutafutia mahali. Tufunge na maombi."

Laiti ingekuwa zamu ya sheikh. Pale kwetu baraza lilikuwa linafungwa na dua siku hii na sala ya Wakristo siku ile, na siku hiyo zamu ilikuwa yetu, na sisi tulikuwa ni mimi. Kabla mtu hajasema kitu nilishainua mikono. Watu wakainama, wakafumba macho, kwa heshima tu, hata Waislamu wakatulia.

Niliomba. Niliombea mvua, niliombea ng'ombe, niliombea chanjo, niliombea Sajini asamehewe roho mbaya. Nikaiombea barabara ya Moyale. Halafu nikaanza kuwaombea mapacha wangu, nikamwambia Mungu awape usingizi, wote wawili kwa wakati mmoja, usingizi mzito, mwema, na wakati ninasema habari ya usingizi, macho yamefumbwa, jua linanipiga usoni vizuri, nikalala. Nililala nimesimama, mikono juu. Wanasema watu waliendelea kuinama muda mrefu sana wakifikiri ninangojea Roho, mpaka nilipokoroma.

Yaliyofuata niliambiwa. Niliangukia meza ya chifu, wino ukamwagikia kitabu, na ule ukurasa niliouandika vizuri ukawa wa buluu wote. Nikapakiwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, mapipa yakateremshwa, punda akanivuta kutoka ofisini mpaka Chechelesi, saa ile ile watoto wa shule wanatoka, nao wakafuata nyuma wanaimba jina langu. Tai ilikuwa inaburutwa chini. Tulipofika, Akiru alitoka mlangoni, pacha mmoja begani, mwingine mgongoni, nywele hazijachanwa. Watu walingoja apige kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Muwekeni hapo kivulini," akarudi ndani. Sikuzote namkumbuka alivyosema hivyo. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Nililala mpaka asubuhi ya pili, ndugu zangu, usingizi ambao sikuupata tena. Yeye hakulala hata kidogo.

Jumapili ile koti halikutoka kwenye msumari. Niliitwa mbele ya kanisa si kuwekewa mikono ila kuungama, na kanisa lilijaa siku hiyo kuliko Krismasi. Mchungaji alikuwa mtu mwema, alinipenda, na alikuwa ameshaniambia pembeni kabla ya ibada kwamba tusilifanye kubwa: nikiungama vizuri watanitenga miezi mitatu tu, na mwisho wa mwaka wataangalia tena habari ya uzee.

Akaniuliza mbele ya watu, "Ulipoonja, ulijua ni pombe?"

"Kikombe cha kwanza sikujua. Cha pili nilijua. Cha tatu nilikunywa."

"Unatubu?"

"Natubu." Na nilikuwa natubu kweli, nilikuwa nimemwona Akiru.

"Basi waambie hawa vijana," Mchungaji akasema, akanigeuza niwaangalie, "waambie hiyo kitu ilivyokuwa chungu."

Ilikuwa rahisi. Chungu ni neno dogo. Lakini nilipogeuka nilimwona Mama Kendi kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, watu wameacha nafasi kila upande wake. Alikuwa ameinama. Tangu Alhamisi hakuwa amefungua kibanda, na mjini watoto walikuwa wanamwita Mama Uji kwa sababu ya maneno yangu. Huyo mama alikuwa amelisema lile neno barazani akijua gari la polisi linamngoja, kwa sababu hakuweza kuvumilia kusikia kazi yake inasingiziwa. Na mimi, niliyekuwa nimesingizia, nilikuwa naombwa nisingizie tena, safari hii ndani ya nyumba ya Mungu.

Nilisimama pale nikahisi ule uchovu unarudi mabegani. Nikasema, "Mchungaji, haikuwa chungu. Ilikuwa tamu. Sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo, na aliyeitengeneza anajua kazi. Ndiyo maana ni ya kuogopwa."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alishusha pumzi ndefu. Mama Kendi aliinua kichwa, akaniangalia mara moja, akarekebisha leso yake begani, akaangalia tena chini. Hatujawahi kuzungumza juu ya jambo hilo, mimi na yeye, mpaka aliporudi kwao Meru. Baadaye alifungua kibanda cha chai, chai ya kawaida tu, na madereva waliinywa wakiwa kimya.

Nilitengwa mwaka mzima. Habari ya uzee haikutajwa tena. Na chifu aliposikia nimeisifu ile pombe kanisani, barua yake ikaja kabla mwezi haujaisha, nahamishiwa Biliqo, mahali ambapo hata ukitafuta tunda la kuchezea hulipati, ni maziwa ya ngamia na chai. Nilikaa huko miezi minane. Mapacha walianza kutambaa bila mimi, mmoja akatoa jino bila mimi, na niliporudi wote wawili walilia waliponiona.

Siku ile ya kanisa, tukitembea kurudi nyumbani kila mtu amebeba mtoto wake, Akiru aliniuliza, "Ungesema chungu ingekugharimu nini?"

"Hakuna kitu."

"Na kusema tamu?"

"Sijui bado."

Akamhamishia mtoto bega la pili. Halafu akasema, "Mimi ndiye nitajua," na kweli yeye ndiye aliyejua, miezi yote minane, peke yake na wale watoto.

Kwa hiyo hata leo, nikialikwa mahali na mwenye nyumba akaniuliza chakula kikoje, namwambia ukweli hapo hapo kabla sijashiba, kwa maneno mawili matatu, halafu naomba maji. Na hayo maji, msinicheke, huwa nayanusa kwanza.